Mshika Funguo za Kisima

Muuza maji wa mtaa wetu wa Kitengela hakuruhusu mtungi upitwe. Wenye mitungi waliiacha kwenye foleni wakaenda sokoni, naye aliisogeza mitungi hiyo kwa mguu, mmoja mmoja, kwa zamu, funguo za kisima zikiwa katika vidole vilivyopauka kwa maji ya chumvi. Sauti yake ilikuwa ndogo, wala haikupanda hata alipotaniwa. Rahab, katibu wa kamati ya maji iliyochaguliwa na wakazi, alikuwa akimkwepa macho, kwa kuwa kamati iliyauzia malori maji ya wakazi na haikuitisha mkutano mwaka mzima.

Asubuhi moja ya 1999 redio ilitangaza kwamba wanajeshi wa nchi ya mbali wameipindua serikali iliyochaguliwa, na raia wanashangilia. Siku hiyohiyo sajini mstaafu alifika kisimani na wanaume wenye marungu.

"Lete funguo, mama. Kamati imeshindwa."

Foleni ikapiga makofi. Rahab, aliyekuwa kando ya kisima, alijua ni kamati yake iliyowafikisha watu hapo.

"Hawa tuliwachagua, na tunaweza kuwatoa," alisema muuza maji. "Wewe tutakutoa kwa njia gani?"

Makofi yakakatika. Sajini akabaki amenyoosha mkono.

"Na wewe katibu, usidhani nakutetea. Watu wakikosa pa kusemea, humshangilia yeyote mwenye rungu. Mkutano ni lini?"

"Jumamosi," Rahab alijibu. "Tutapiga kura upya."

"Saa ngapi?" akauliza mwenye mtungi wa kwanza, na wengine wakasogea karibu wasikie.