Betri ya Kamera ya Jirani

Jirani yangu wa hapa Malindi ya milimani huichomoa betri ya kamera ya ulinzi ya mlango wa mbele kila Jumapili akitoka kanisani, huifuta kwa pindo la kitenge na kuikumbatia kifuani ipate joto kabla ya kuichaji, kwa sababu baridi yetu huimaliza upesi. Majani ya migomba yaliyokuwa yakiishtua kamera ijiwashe kwa kupepea alishayafyeka. Bado chaji haifiki Jumapili nyingine. Jana fundi alimwonyesha kwenye simu kinachoimaliza: ni yeye mwenyewe, kila asubuhi amesimama mbele ya kamera, akingoja sauti ya mwanawe Eliudi, aliyeko Tanga na humwona kwa simu yake, itoke humo na kusema, “Shikamoo, mama.”

“Mama, ukipitia mlango wa nyuma itadumu,” fundi alisema.

Akakaza kitenge chake. “Na Eliudi ataniamkia wapi?”