Simu Isiyoitikia Salamu

Nasomea shahada ya uzamivu ya kompyuta, na mtu akiniuliza nafanya nini hasa, jibu langu ni fupi: naifundisha simu Kisukuma. Mkulima anaiuliza habari za viwavi kwenye pamba, nayo inamjibu kwa lugha ya kwao. Basi! Chuoni Dar wanafunzi wa mwaka wa kwanza ninaowafundisha kuandika programu hunicheka, maana kila mfano wangu ni wa pamba au ng'ombe. Jioni nikicheza ngoma ya majembe nyuma ya maktaba, nimeshika fagio badala ya jembe, wananirekodi. Sijali hata kidogo. Mcheza kwao hutunzwa, nami kwetu ni Bariadi.

Msimu huu pamba ilipoanza kutoa vitumba niliipeleka simu yangu kijijini Nkoma, kwa shangazi, dada yake baba, mkulima wa pamba tangu sijazaliwa. Hata sijapumzika, msimamizi wangu akanipigia. Ni profesa, mtu wa Dar, hapendi kupotezewa muda. "Keshokutwa nakuja huko. Nikikuta hawaitumii, Kisukuma tunakiacha, utafiti utaumalizia kwa Kiswahili hapa chuoni." Nikasema sawa Profesa. Kisukuma kikiondoka, mimi nabaki na nini? Nilianza kusoma haya mambo ili siku moja shangazi aongee na kompyuta!

Shangazi akawaita majirani, akina mama wenzake wa pamba, wakakaa mkekani. Nikampa simu yeye kwanza. Akaipokea kwa mikono miwili, akakaa vizuri, akasema kwa heshima zote:

"Mwadila."

Akangoja. Simu ikasema haikuelewa swali.

"Mwadila," akarudia taratibu, kama anayempa mtoto wa watu nafasi ya kujirekebisha.

Haikuelewa swali.

Loo! Shangazi akaiweka chini, akanigeukia. "Hii umeilea wewe? Inasalimiwa na mtu mzima, haiitikii?"

Akina mama wakaguna. Kila mmoja akaichukua, akaisalimia, akairudisha amenuna. Habari za viwavi hakuna aliyeuliza, na utamwelezaje shida zako mtu aliyekataa salamu yako? Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka mpaka machozi. Nilikuwa nimekusanya maswali ya pamba ya kila namna, nikasahau kwamba kwetu hakuna mtu anayeanza na swali.

Kesho yake nilishinda kivulini karibu na zizi, kompyuta mapajani, namrekodi shangazi. Salamu zetu si neno moja. Unaulizwa kama ni mhola, yaani kama kuna amani, unajibu mhola. Unaulizwa watoto, ng'ombe, mvua, na wewe unauliza vilevile. Nikaiamuru simu: ukijibiwa mhola, uliza jingine. Ilipoitika mara ya kwanza niliruka juu kwa furaha, ndama akakata kamba. Tulimfukuza mpaka shamba la jirani, nami bado nacheka.

Profesa akafika na vumbi lake. Akashuka kwenye gari, akavuta kiti, akatoa kalamu. "Haya, tuone."

"Mwadila," shangazi akaiambia simu.

"Mwadila, mayu. Mhola?"

Weee! Imemwita mayu, yaani mama! Vigelegele! Shangazi akajibu mhola, naye akaiuliza, ikajibu. Ikamuuliza watoto. Mhola. Ng'ombe. Mhola. Mbuzi, mvua, majirani, kisha watoto tena! Hapo nikang'amua kosa langu. Nilikuwa nimeiamuru iulize, sikuiambia lini iache. Kosa hilihili ndilo ninalowakatia alama wale wa mwaka wa kwanza, tena kwa maneno makali.

Profesa akatazama saa. "Pamba iko wapi?"

Nikafumba macho. Kwisha habari yangu.

"Baba, subiri," shangazi akamwambia. "Simu ya mwanetu imenisalimia vizuri. Wewe tangu umeshuka kwenye gari hujamsalimia mtu."

Halafu profesa akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mabega yote. Akasimama, akavua kofia, akasalimia mkeka mzima kwa shikamoo.

"Hapa tunasema mwadila," shangazi akamsahihisha, kisha akairudia simu, akaiuliza habari za buluba yake, pamba yake, mbona vitumba vinatobolewa. Simu ikamjibu, tena vizuri: ni viwavi wa aina gani, apulizie dawa lini, asisubiri mpaka lini. Akina mama wakaanza kuinyang'anyana. Mmoja aliuliza, akashukuru wabeja, akauliza tena, mwenzake akamvuta mkono. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nacheza ngoma ya majembe bila jembe wala fagio.

Jioni profesa akaniomba simu aijaribu mwenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili. Gari lilipowashwa bado alikuwa nayo, na sikuwa nimepata nafasi ya kumwambia kwamba ile haijui kuacha kusalimia.

Akatoa kichwa dirishani.

"Kisukuma kinabaki," akasema harakaharaka, akarudi ndani, maana simu ilikuwa inamuuliza hali ya ng'ombe wake na hakutaka ionekane hajaitikia.