Siku Niliyomwondoa Nsimire Katika Sehemu ya Pili

Ninaikumbuka bado, mwanangu, Jumapili moja baada ya misa, nilipoketi nyuma ya ukumbi wa parokia hapa Kadutu nikiwatazama watu wakitazama filamu yangu. Nilikuwa kijana, mpiga picha za harusi, na nilikuwa na kamera ya kaseti iliyokaa begani kama mtoto aliyelala. Siku hiyo nilijiona mkubwa kuliko Bukavu nzima. Lakini nilirudi nyumbani na aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafumba macho.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumetengeneza filamu ya kwanza, sisi watatu tu. Mimi nilishika kamera. Murhula, seremala, rafiki yangu tangu shule, alicheza bwana. Nsimire, aliyekuwa akiuza sambaza sokoni, hawa samaki wadogo wa ziwa letu, alicheza bibi yake. Hadithi ilikuwa fupi: mwanaume anaenda kuchimba dhahabu Shabunda, anapotea miaka saba, halafu anarudi mikono mitupu. Anasimama mlangoni. Bibi yake anachagua maharagwe na hamwangalii. Punje zinamponyoka, na bado hainui kichwa. Kisha anasema, "Chakula iko moto. Nawa mikono."

Maneno hayo alijitungia Nsimire mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemwandikia hotuba ndefu ya machozi. Aliisoma akacheka: "Bahati, mwanamuke mwenye amengoja hivyo hana hotuba."

Watu walilia, mwanangu. Kaseti ilitembea nyumba kwa nyumba, ikavuka mpaka Idjwi kwa boti, ikapanda mpaka Bunyakiri kwa lori. Na watu wakaanza kudai sehemu ya pili. Vijana wa mtaa walinisimamisha njiani: "Ile ya kwanza ilikuwa muzuri, lakini hakuna hata ngumi moja!" Wakati ule tulikuwa tukitazama filamu nyingi za kutoka mbali, na kila sehemu ya pili ilikuwa na mapigano mengi kuliko ya kwanza. Nikaamini kwamba filamu hukua hivyo, kama mtoto anavyoongezeka kimo. Nikaandika: majambazi wanamfuata bwana mpaka nyumbani wakidhani ameficha dhahabu, wanamuua bibi, na bwana anawawinda mji mzima, kwa pikipiki na kwa miguu.

Nsimire sikumwambia kitu. Alikuja siku ya kwanza amevaa kitenge kile kile cha filamu ya kwanza, amekipiga pasi vizuri. Nikamwambia alale chini, afumbe macho.

"Nalala kwa sababu gani?" akaniuliza.

"Umekufa. Ni hivyo Murhula atapata hasira ya kupigana."

Akakusanya kitenge chake mkononi. "Kumbe ile miaka saba yote nilingojea ni ili nikufe kwa dakika mbili?"

"Ni filamu tu, Nsimire."

Alilala. Nilipomaliza aliamka, akajipangusa vumbi, akaenda bila kuaga. Murhula akaninong'oneza, "Bahati, ule mwanamuke umemuumiza." Nikamjibu ashike panga lake la mbao tuendelee, mwanga unatutoka.

Sasa turudi ukumbini. Sitakudanganya, mwanzoni walishangilia sana. Murhula alipomrusha jambazi juu ya lundo la mbao, vijana walisimama juu ya viti. Lakini kufika pigano la tano kelele zilipungua, na kwenye la saba watu walikuwa wakipiga hadithi zao wenyewe. Filamu ilipokwisha wakatoka wakizungumzia mvua.

Akabaki maman mmoja, mtu mzima, kifurushi cha safari kikiwa bado mapajani. Akanifuata.

"Ni wewe mwenye filamu?"

"Ni mimi, maman."

"Ule mwanamuke mwenye alikuwa anangojea bwana yake, iko wapi? Nimetoka Bunyakiri, gari iliharibika njiani, nikafika filamu imeshaanza. Nimeangalia mpaka mwisho, sikumuona."

"Alikufa kule mwanzo, maman."

Akakaza fundo la kifurushi chake. Kisha akasema polepole, "Bwana yangu alienda Shabunda, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nilisikia filamu iko na sehemu ya pili. Nilitaka kujua, nyuma ya kile chakula, walisemezana nini."

 Nilikuwa na pikipiki mbili na mapanga sita ya mbao, na sikuwa na neno hata moja walilosemezana baada ya chakula.

Maman akanishika mkono, si kwa ukali. "Mutoto wangu, batu ya kupigana tunabaona sana. Ule mwanamuke tulimuona mara moja tu."

Kesho yake asubuhi nilikwenda sokoni. Nsimire alikuwa akipanga sambaza zake, hakunitazama. Nikamwomba msamaha hapo hapo, mbele ya wanunuzi.

"Sina hasira juu nilikufa," akasema. "Kwenye filamu batu banakufa. Niko na hasira juu haukuniuliza. Ule mwanamuke nilimutengeneza na wewe."

Nikamsimulia habari za maman wa Bunyakiri.  Alifunika samaki wake, akamwomba jirani amwangalilie, akanyoosha kidole njiani: twende.

Maman alikuwa amelala kwa ndugu zake, akaja kwenye chumba changu cha picha kama tulivyopatana jana yake ukumbini. Alipomwona Nsimire mlangoni alisimama, akaishika mikono ya Nsimire yote miwili, pamoja na harufu yake ya samaki, akamtazama usoni.

"Kumbe uko muzima," akasema.

"Niko muzima, maman."

"Sasa nyuma ya chakula?"

Nsimire akaketi karibu naye. "Siku ile sikumuuliza kitu. Nilimuacha alale. Asubuhi ndiyo nilimuuliza."

"Ulimuuliza nini?"

"Kama kule alikuwa na mutu wa kumupikia."

Maman akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, na Nsimire akamshika mabega. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya pili, mwanangu. Kamera ilikuwa mezani, imezimwa, na sikuthubutu kuigusa.

Ndiyo maana nilinyamaza juzi, uliponionyesha filamu uliyoipiga kwa simu, ya yule babu anayejifunza kusoma kwa mjukuu wake, ukaniambia kwa furaha kwamba sehemu ya pili itakuwa na bunduki, na babu atauawa mapema. Mimi si adui wa mapigano. Nilishangilia mengi ujanani, na nikiyaona leo bado nasogea mbele ya kiti. Ila usiyalete kwa sababu umeona haya kurudia jambo dogo. Kabla hujaandika, jiulize watu walimpenda nani, na wakatoka na swali gani mdomoni. Na huyo mzee aliyekuchezea, nenda ukae naye kwanza, umuulize yeye anaona babu ataendelea vipi. Huenda anajua kitu usichokijua.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho kizuri kikiwa bado mikononi mwako. Akupe watu wa kukwambia ukweli, na moyo wa kuwarudia unapowakosea. Na kazi yako imkute mtu aliyetoka mbali kuitafuta, arudi kwao amepata alichokijia.