Mlango wa Sanduku Mnarani

Ofisini kila mtu alimwita Dada Modemu, naye hakukataa. Kazi yake ilikuwa kufunga modemu kwenye visima na mitambo ya maji, kisha kuzipanga zitume taarifa zenyewe bila kuulizwa: kina cha maji, nguvu ya betri, mlango wa sanduku lake uko wazi au umefungwa. Alikuwa mjane. Akiulizwa mbona haolewi tena, husema tayari ana wanaume kibao wanaomwambia hali zao kila siku.

Asiyemwambia kitu ni mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao afariki. Alimtafutia kazi ya kuendesha pampu ya kando ya mto, na tangu hapo bwana mdogo akipigiwa simu leo, anajibu kesho.

Siku mto ulipofurika, simu yake haikupatikana kabisa.

Taarifa ya mwisho kutoka pale pampuni ilikuwa ya alfajiri, kabla mto haujapanda. Modemu ilipangwa kutuma alfajiri na jioni tu, isimalize betri. Kwa hiyo kwenye skrini kituo kilikuwa bado kijani, salama salimini.

Alimpigia mkuu wa waokoaji.

“Dada, nina mashua mbili, na watu juu ya mapaa nawaona kwa macho yangu. Hicho kituo chenu, kwenye ramani nakiona kijani.”

“Kijani hicho ni cha alfajiri, kaka.”

“Basi nipe cha sasa.”

Akakaa kwenye kiti, akatuma amri: toa taarifa kila kitu kinapobadilika. Kimya. Akatuma tena. Mtandao wa upande ule ulikuwa unakuja na kupotea. Akawa anakosea herufi, anafuta, anaanza upya.

Bosi wake akaja kusimama nyuma yake. “Mwanangu, huenda sanduku limeshazama.”

“Liko juu ya mnara wa tangi. Nililipandisha mwenyewe.”

Akaendelea kutuma, tena na tena, kama mtu anayegonga nyumba isiyo na mtu.

Mchana ukiwa umeenda, modemu ikajibu. Amri imepokelewa. Kina: juu ya kipimo. Betri: chini. Mlango: wazi.

Mlango kuwa wazi maana yake huenda maji yamelivunja sanduku. Kisha ikaja nyingine: umefungwa. Halafu wazi. Halafu umefungwa.

“Upepo?” bosi akauliza.

“Mlango ule una komeo. Upepo haufungi komeo.”

Akampigia tena mkuu wa waokoaji, akamsomea taarifa moja moja kadiri zilivyoingia. Yule bwana akasema anatoa mashua moja.

Sasa likabaki la betri. Kila taarifa ilikuwa inainyonya. Angeweza kuiamuru modemu ipumzike, lakini alishindwa kukikata kitu pekee kilichomwambia kuna mtu hai kule. Akaiacha. Ikatuma “wazi”, ikazimika.

Hakuna aliyeweza kumtoa pale kitini. Jioni mashua ilirudi na mdogo wake, mkono umevunjika, midomo imekauka. Alikuwa peke yake.

“Nilikuwa na mzee mlinzi,” alisema. “Yeye ndiye aliyeanza kufungua na kufunga. Mimi nilishakata tamaa. Akasema, dada yako lazima ataona. Baadaye ngazi ikateleza, maji yakamchukua, nikaendelea mimi; ilikuwa saa ngapi, sijui.”

Maji yalipopungua, Dada Modemu alizunguka vituo vyote akibadilisha mipangilio, ili mto ukianza tu kupanda, modemu iseme papo hapo. Watu walimpongeza. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, anaondoka.

Halafu akaenda kwa mke wa mlinzi. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

“Zile taarifa zilipokuwa zinaingia,” akauliza, “mume wangu alikuwa bado yupo?”

“Sijui, mama. Modemu inasema mlango umefunguliwa. Haisemi kwa mkono wa nani.”

Mama akasogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi akae. Wakakaa hivyo mpaka majirani walipoanza kuingia.