Mkwe Hatoki Bila Chai

Msimamizi wangu wa shahada ya uzamili alikuwa amenionya waziwazi: mchezo usioandikwa si mchezo. Mimi nilitaka kuutunga kwa miili na midomo ya waigizaji wenyewe, tukijaribu, tukitupa, tukibakiza, bila karatasi hata moja. Akasema sawa, atakuja na mwenzake kuutazama mara moja tu. Mchezo usipowaridhisha, masomo yameishia hapo na mimi narudi kufundisha sekondari. Nikamwambia, "Njoo tu, Mwalimu." Sikuwa na wasiwasi. Ubishi nilizaliwa nao.

Sikuwachukua wanafunzi wenzangu. Niliwachukua majirani zetu wa Eastlands, tukafanya mazoezi kwenye ukumbi wa mtaa jioni, watu wakishatoka kazini. Hadithi yetu ilikuwa ya posa. Dereva mmoja Mkamba, ambaye nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ukuta tu, aliigiza baba wa mvulana. Mama mmoja wa Murang'a, muuza mboga katika soko la Muthurwa, aliigiza mama wa msichana. Wakwe wanakosana, baba anapandwa na hasira, anasimama, anatoka na kubamiza mlango. Huo ndio uliokuwa mwisho, na ulikuwa mzuri, sikatai. Vikombe vya mazoezi vilikuwa vitupu.

Siku ya mtihani msimamizi na mwenzake waliketi mbele, majirani wakajaa nyuma yao, na yule mama alikuja na birika la chai ya maziwa bila kuniambia. Ati hawezi kumpa mkwe kikombe kitupu mbele ya watu wazima, watamsemaje? Akammiminia dereva mpaka ukingoni.

Tukafika pale pa hasira. Dereva akanguruma, "Binti yenu kaeni naye!" Akasimama. Akakitazama kikombe. Jamani! Kwetu mtu hatoki kwa wakwe akaacha chai aliyokwisha kumiminiwa. Hiyo haiwi hasira tena, inakuwa laana. Akaketi. Akaanza kunywa.

Ilikuwa ya moto kwelikweli. Alipuliza, akafyonza, akamkazia mama macho, akapuliza tena. Msichana aliyeigiza mchumba akanitupia jicho nilikosimama pembeni mwa jukwaa, akiomba niwaokoe. Nikakunja mikono. Nilijua ninachokiona: mtu mwenye hasira aliyefungwa na adabu zake mwenyewe. Kitu hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta tangu tuanze mazoezi. Mwanamke mmoja kule nyuma akaguna, "Maskini, ataungua ulimi," watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana mama wa msichana alikuwa ameanza kulia. Hilo nalo hatukuwa tumelipanga. Dereva akamaliza, akakiweka kikombe chini polepole, akasema, "Asante kwa chai, mama." Akatoka. Mlango hakuubamiza.

Vigelegele vikapasua ukumbi. Mimi nilijua tumeweza, lakini sikuwa mimi wa kutoa alama. Msimamizi akanong'onezana na mwenzake, akafunga mkoba wake, akasema matokeo nitayasikia ofisini, yeye anawahi mjini kabla giza halijaingia. Uso wake haukuniambia lolote. Akainuka.

Mama akasimama mbele yake na kikombe kilichojaa, machozi hayajamkauka. "Profesa, hata wewe? Utaondoka kwangu hivihivi?"

Akaketi. Akapuliza. Ukumbi mzima, watu wa kutoka Pumwani hadi Donholm, ukamtazama. Alipofika nusu ya kikombe akatuona tunavyomtazama, akaanza kutabasamu, akatikisa kichwa, akanigeukia.

"Umepita," akasema. "Lakini hii ya mimi na chai nayo, kweli hamkuiandika?"

"Hatujaiandika hata sasa, Mwalimu. Maliza chai."