Matairi Niliyochagua kwa Gari la Kaka

Kaka yangu mkubwa aliponiachia gari lake, alinipa agizo moja tu. Ilikuwa miaka ya tisini. Kampuni aliyoifanyia kazi Nairobi ilikuwa inampeleka ng'ambo kusoma kwa miezi minne, naye hakutaka gari likae bila mwangalizi, akalileta nyumbani Migori. Lilikuwa gari dogo jeupe la turbo, na ukikanyaga mafuta mgongo unabanwa kwenye kiti. Mjini kwetu halikuwa na mwenzake.

"Omera," aliniambia, yaani ndugu yangu kwa Kijaluo, "matairi yameisha. Weka mengine kabla ya mvua, na uchukue yenye mifereji ya kina. Gari hili lina nguvu. Likianza kuteleza hutaliweza."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa redio. Nilimwambia nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa.

Duka la matairi lililokuwa karibu na stendi lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu kutoka Mombasa, aliyekaa Migori hadi akajua kutania kwa Kijaluo. Alilizunguka gari, akachuchumaa, akapapasa matairi ya zamani, kisha akanitolea aina mbili. Ya kwanza yalikuwa ya kawaida, yenye mifereji ya kina. Ya pili yalikuwa mapana, ubavu mfupi, uso karibu laini kabisa. Mara moja nikayaona yakiwa chini ya gari, na mimi ndani, watu wa stendi wakigeuza shingo.

"Hayo ni ya mashindano, mwanangu," mzee alisema. "Kwenye lami kavu yenye joto yanashika kama gundi. Lakini tazama mifereji yake, kama mikwaruzo ya paka. Maji yatapitia wapi? Utaelea."

"Mvua bado, mzee."

"Mvua ni wiki mbili hizi." Akayasogeza kando yale ya kawaida. "Haya. Niahidi kwamba ikianza tu, unarudi tubadilishe. Haya mengine nakuwekea."

Nikaahidi.

Mvua ikaanza, nami sikurudi. Nikipita dukani mzee alikuwa akinionyesha mawingu kwa kidole, nami nampungia mkono na kupita. Nilijiambia nitaenda Jumatatu, halafu Jumatatu nyingine.

Jumamosi moja mchana mama aliniomba nimpeleke Homa Bay kumwona dada yake aliyekuwa anaumwa. Tulipopita Uriri mvua ilikuwa imekatika, lakini maji yalikuwa yametuama barabarani. Mbele yetu palikuwa na mteremko, na chini yake dimbwi. Nililiona. Niliona pia kwamba naenda mbio. Tulipolifikia, usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu, kana kwamba haukuunganishwa na kitu. Gari lilizunguka, likaacha lami, likagonga tuta kwa ubavu wa kulia wa nyuma, mama alipokuwa amekaa, likasimama ndani ya miwa.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nyathina, umeumia?" Mtoto wangu, umeumia? Mimi sikuwa na hata mkwaruzo. Yeye bega lake la kulia lilikuwa limevunjika.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya mkono, ile ambayo mkono wa kulia unazungusha gurudumu na wa kushoto unaongoza kitambaa. Bega lilipona vibaya, likawa halipandi. Akajifunza kuzungusha kwa kushoto, mwili mzima ukiwa umepinda, na kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu.

Kaka aliporudi alisalimia nyumbani, kisha akaenda kulitazama gari lililopondeka uani. Akainama.

"Nani alikuuzia haya?"

"Yule mzee wa karibu na stendi."

"Hakukuambia ni ya nini?"

"Hapana, hakuniambia," nikasema.

Alitoka pale pale. Nikamfuata, nikidhani nitapata njiani nguvu ya kusema, lakini tulifika na sikuwa nimesema. Kaka alimkaripia mzee yule mbele ya wateja, akamwita muuaji. Mzee alinitazama mimi, si yeye. Nikaangalia chini.

"Mama yenu anaendeleaje?" aliuliza.

"Usimtaje mama yangu," kaka akasema, tukaondoka.

Nilikaa na jambo hilo karibu miezi mitatu. Wenye matatu walianza kununua matairi Kisii, na nilijua sababu. Hatimaye asubuhi moja nilienda dukani, nikasimama mbele ya mzee, nikamwomba msamaha.

"Kwa nini hukumwambia kaka yangu siku ile?" nilimwuliza.

"Nilikuwa nangoja umwambie wewe," alisema. "Bado nangoja."

Nilianza na mama. Alikuwa akishona. Nilimweleza yote: agizo la kaka, onyo la mzee, ahadi, uongo. Akasimamisha cherehani.

"Muda wote huu," alisema, "nilifikiri ni mimi. Nilikuhimiza tuwahi. Kila usiku nilimwomba Mungu anisamehe kwa kukuharakisha."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alinihimiza. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Kaka nilimfuata Nairobi. Hakunigombeza. Aliuliza tu yule mzee anapatikana siku gani. Mwisho wa mwezi alikuja Migori, akaenda dukani peke yake. Walichozungumza sikukijua, ila tangu siku hiyo kaka hakuninyima salamu, na hakunipa tena ufunguo wa kitu chake chochote.

Mimi nilijaribu kusahihisha maneno. Niliongea na madereva stendini mmoja mmoja, na baadhi yao walirudi kwa mzee. Wengine hawakurudi. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa Homa Bay kwenye matanga, na mjomba wangu akanivuta kando kunionya nisinunue tairi kwa yule Mwislamu wa Migori, kwa sababu alitaka kumwua mama yangu, dada yake mjomba. Nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, si la mzee. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipigapiga begani.

"Wewe una roho nzuri sana," alisema. "Hata mtu kama huyo unamtetea."