Kavira alicheka baada ya tatu

Siamini, jamani. Naandika "marehemu Kavira", nafuta. Naandika tena, nafuta tena.

Juma lililopita tulikuwa tunagombania kivuli pale sokoni, yeye na vitenge vyake, miye na viatu vyangu. Leo nimetoka kumzika. Mungu wangu, mambo gani haya?

Kwa wale ambao hawakumjua: Kavira ni Mama Gracia, mke wa Kambale fundi wa pikipiki. Alikuja Bunia kutoka Butembo, akapanga meza yake karibu na yangu. Siku ya kwanza aliniuliza bei ya sandali, nikamtajia, akacheka mpaka mteja wangu akaondoka. Nilimnunia asubuhi nzima. Mchana tukala sombe kwenye sahani moja.

Kicheko chake kilikuwa kinamtangulia. Unakisikia kule kwa wauza unga, unajua Kavira yuko njiani.

Halafu huyu Kambale na kamera yake! Aliinunua soko la Ariwara, imeshatumika, mkanda umekatika, akaufunga na kipande cha kitenge cha mkewe. Juma lote ni mafuta na spana. Jumapili baada ya ibada anaoga, anavaa shati jeupe, anageuka fotografu. Anampakia mke kwenye pikipiki, haooo!

Walienda mto Shari. Walienda vilima vya Aveba, wakati barabara iko salama. Walishuka Kasenyi, ziwani, kula samaki. Noeli moja walifika mpaka Ariwara kwa shangazi yake Kavira, wakarudi na vumbi mpaka kwenye kope, na Kambale akapita meza kwa meza kutuonyesha foto. Hata wauza nyama waliacha kisu waangalie.

Sasa sikilizeni hii. Katika foto zote hizo, Kavira hacheki. Hata moja!

Mama yake ndiye alimfundisha. Kwao foto ilikuwa ya studio, siku ya ubatizo na siku ya ndoa, basi. Foto ni kitu cha kubaki, mtu mwenye heshima anafunga mdomo, ananyoosha shingo. Kwa hiyo Kambale akiinua kamera tu, Kavira anakuwa kama yuko mbele ya hakimu.

Mwaka huu nilienda nao Shari, Gracia nimembeba miye mgongoni. Niliona kwa macho yangu. Kambale anahesabu: "Moja, mbili, tatu!" Anabonyeza. Kavira amekauka, hata kope haichezi. Kamera ikishuka, mwanamke anapasuka kwa kicheko! Anainama, anashika magoti, kitenge kinataka kuanguka.

"Mama Gracia, cheka mbele ya kufika tatu, hata leo tu!" Kambale analalamika.

"Weye uko munganga ya meno? Piga foto, twende tukule."

Nikamnong'oneza Kambale, shemeji, mdanganye, piga kwenye mbili. Alijaribu. Kavira akajifunika uso na kitenge. "Papa Gracia, unaniiba sura? Hesabu vizuri!" Halafu akacheka, lakini chini ya kitenge. Tulikula samaki siku ile mpaka jua likaegemea, na sikujua kama nilikuwa na furaha. Sasa najua.

Homa ilimshika siku ya soko. Nilimwambia nenda upumzike, nitakuangalizia meza. Sikumwona tena akiwa mzima.

Jana kwenye matanga tulitafuta foto ya kuweka mbele ya sanduku. Nilikaa chini na Kambale, tunapitisha moja baada ya nyingine. Foto nzuri, jamani, huyu mtu amejifunza kweli. Maji yako pale, vilima viko pale, mwanga umemwangukia usoni vizuri. Ila yule mwanamke simjui.

Kambale akaniambia, "Mama Esther, Gracia atakomaa, atafikiri mama yake alikuwa mukali." Akalia. Nikalia na miye.

Tukachagua ile ya Shari. Watu walijaa chini ya turubai, wimbo ukaisha, na Kambale akainuka akasimama mbele ya foto.

"Moja," akasema. Tulidhani anaanza sala.

"Mbili."

"Tatu."

Siye watu wa soko tulijua ni nini kinafuata. Wote tukangoja. Naapa, nilitega sikio kabisa.

Hakuna kitu. Jamani, hakuna kitu.

Ndiyo maana naandika hapa. Weye uliyechukua video kwenye harusi na Kavira alikuwa nyuma anacheza. Weye mteja uliyempiga foto ya ghafla akikukunjia kitenge. Weye aliyekutumia sauti kwenye simu, na mwishoni akacheka. Usifute! Nitumie inbox. Hata kama picha ina giza, hata kama ni kicheko tu na makelele ya soko. Gracia hajaanza hata kutembea. Hatamkumbuka mama yake, lakini anaweza kumsikia.

Kambale amefunga kamera ndani ya kitenge, anasema hataigusa tena. Shemeji, ukisoma hapa: utaigusa. Huyo mutoto ameshaota meno, na anacheka ovyo, mdomo wazi. Mpige hivyo hivyo. Usimhesabie.

Kavira, jirani yangu. Meza yako nimeifunika. Kivuli chote kimekuwa changu, na sikitaki, rudi ukichukue.

Najua hurudi.

Basi, dada, tumeshahesabu mpaka tatu. Kamera imeshuka, hakuna anayekuangalia. Cheka kwanza, halafu ulale salama.